Kahawa Iliyokimbia Kinu

Ninyi mnaosimama nyuma ya mashine zile zinazotoa mvuke pale Kahama mjini, na aproni zenu nyeusi, nimewaona. Juzi nilikwenda kupima macho, na tukiwa tunarudi mjukuu wa dada yangu akaniingiza humo ndani, akaniagizia kahawa yenye povu lililochorwa jani. Nikakaa nalitazama lile jani mpaka likazama. Binti aliyetuhudumia akaniuliza, "Bibi, mbona hunywi? Hujaipenda?" Nikamwambia nimeipenda sana, ila nilikuwa nimekwenda mbali kidogo. Akacheka kwa adabu. Harufu ya kahawa hunichukua hivyo siku zote, wala hainiulizi kama nina haraka.

Basi nimeona niwaandikie kabla sijasahau nilikokuwa nikichukuliwa. Mimi ni Mama Kulwa. Kahawa nimeipika tangu usichana wangu pale Nyarugusu, hadi magoti yalipogoma kusimama jikoni kwenye kambi ya mgodi mmoja mkubwa upande wa Geita. Na mimi ni Msukuma wa Samuye, jambo ambalo peke yake lilitosha kuwachekesha watu. Kwetu mgeni hupewa maziwa ya mgando, au uji, au togwa. Mama yangu alipoonja kahawa ya kwanza niliyompikia aliitemea nje ya mlango, akauliza kama huko machimboni tunalishwa makaa.

Aliyenifundisha ni Mzee Sudi, mtu wa Ujiji, aliyekuwa akizunguka Nyarugusu na mdeli wake, lile birika la shaba lenye makaa chini ya tumbo. Mkono mmoja mdeli, mkono mwingine vikombe vidogo akivigonganisha, na mlio wake ulipenya kelele za makarasha ya kusagia mawe ukawafikia watu hadi kwenye maduara, yale mashimo ya dhahabu. Wachimbaji walitoka chini wakiwa weupe kwa vumbi, wanakaa kwenye magogo, wanakunywa kahawa chungu na kipande cha kashata, na kwa muda huo hakuna aliyezungumzia dhahabu. Walizungumzia makwao. Aliyeomba sukari alitaniwa mpaka jioni.

Mimi nilikuwa naponda mawe kwa nyundo, kama kina mama wengi wa pale. Siku moja Mzee Sudi alisimama akaniangalia, akasema, "Binti, mkono huo unafaa kinu. Lakini hasira uiache huku kwenye mawe, kahawa haiitaki." Nikaacha nyundo.

Mengi aliyonifundisha mashine zenu sasa zinayafanya zenyewe, lakini yasikieni tu. Buni hukaangwa kwa masikio. Macho yatakudanganya kwa sababu ya moshi, ila buni ikiiva inalia, inapasuka taratibu, na hapo ndipo unapotoa chungu motoni hata kama roho inakwambia ngoja kidogo. Kuni zetu za mgunga zina moto mkali, kwa hiyo subiri ziwe makaa. Usitwange ikiwa ya moto. Na jambo moja nililolicheka: chini ya kinu, alisema, tandika ungo. "Buni hupenda kukimbia kinu. Ukimaliza piga magoti, uokote zilizokimbia. Hujui ipi kati ya hizo ndiyo ilikuwa tamu." Niliona ni ubahili wa mzee. Nikawa natandika ungo anaponitazama, akigeuka sitandiki.

Baadaye nilipopata kazi ya jikoni kule kambini, nikakuta dunia nzima imekaa kwenye meza ndefu. Nilikuwa naingia jikoni alfajiri, ukungu umelala juu ya vilima, taa za mgodi zinaonekana kama zinaelea, na kwenye majiko yangu mvuke unapanda. Hapo nikawa nasafiri. Sikuwahi kupanda ndege maishani, lakini nadhani nimefika nchi nyingi kupitia mdomo wa kikombe.

Kulikuwa na fundi wa mitambo, Mwitaliano, aliyekunywa kahawa amesimama. Kikombe kidogo, funda moja, ameondoka. Nilimhurumia. Kwetu anayekunywa wima ni mtu ambaye ng'ombe wake wamepotea. Nikawa namsogezea kiti kila asubuhi, naye kila asubuhi anakishukuru kile kiti na kusimama pembeni yake. Siku moja baada ya chakula cha mchana nikamwekea kahawa ya maziwa, nikidhani namfanyia wema. Akaniangalia kama mtu aliyeambiwa jirani yake anaumwa. Kumbe kwao maziwa kwenye kahawa ni ya asubuhi, mchana ukishaingia ni kujitafutia tumbo la kuuma.

Wafini, waliokuja na mashine za kuchoronga miamba, wao walitaka kahawa nyepesi, vikombe vikubwa, tangu asubuhi hadi jioni, na mkate mtamu pembeni. Wanakaa wanne, wanakunywa, hakuna anayesema neno. Wiki ya kwanza nilidhani wamegombana, nikamwambia msimamizi. Akaniambia, "Mama Kulwa, hayo ndiyo mazungumzo yao." Baadaye nikazoea, hata nikawa nakwenda kukaa nao nikichoka. Ni kimya kizuri, kimya cha watu wanaopokea kitu.

Na yule mzee wa Yemeni aliyeleta vipuri, jamani. Kahawa yake ilikuwa imepauka rangi, karibu kama chai, imejaa iliki. Nikammiminia, akanywa, akaniletea kikombe. Nikajaza. Akanywa, akaleta. Nikajaza tena. Mimi nimelelewa Usukumani, mgeni akisema ameshiba humwamini, unamwongeza. Yeye naye kwao ukishatosheka unakitikisa kikombe kidogo, kushoto kulia, na anayemimina anajua. Alikuwa anakitikisa, mimi naona ni mkono wa uzee unatetemeka, nazidi kumwonea huruma na kumjazia. Alilala macho wazi siku hiyo, na kesho yake ndiye aliyenieleza, huku akifuta machozi ya kicheko.

Mturuki mmoja alitwanga kahawa yake mwenyewe mpaka ikawa laini kama unga wa muhogo, akaichemsha na sukari kwenye kisufuria chenye mkono mrefu, povu likipanda anaondoa, likishuka anarudisha. Tope linabaki chini, halinywewi. Akimaliza anafunika kikombe kwenye kisahani, kisha anasoma michirizi. Wenzake aliwatabiria safari na barua. Siku moja akasoma changu, akasema, "Mama, naona watoto wawili mlangoni. Mmoja simwoni vizuri." Nikamwambia amekosea, ninaye mmoja. Kisha nikaenda nyuma ya stoo, nikalia.

Maana nilizaa mapacha. Kulwa ndiye wa kwanza, Doto ndiye aliyemfuata. Kulwa alichukuliwa na surua akiwa bado ananyonya. Jina likabaki kwangu, watu wananiita Mama Kulwa kila siku, nami naitika, na Doto akakua peke yake na kivuli cha mwenzake.

Aliyenikuta kule nyuma ya stoo ni Almazi, dada wa Kihabeshi wa maabara ya sampuli. Jumapili yake akanialika chumbani kwake. Ametandaza nyasi mbichi sakafuni, amechoma ubani, akakaanga buni mbele yangu na kuleta kikaango puani pangu nivute moshi. Kisha akapika kwenye chungu cheusi chenye shingo ndefu, tukala na bisi. Kikombe cha kwanza kikali. Cha pili amemimina maji juu ya machicha yaleyale, kimelegea. Nikainuka niage, nikidhani tumemaliza. Akanishika mkono. "Cha tatu ndicho baraka," akasema. "Ukiondoka kabla ya cha tatu, umekunywa kahawa tu." Nikakaa. Kile cha tatu kilikuwa maji yenye kumbukumbu ya kahawa, lakini nilitoka pale mwepesi.

Nimewasimulia hayo yote ili mjue nilirudi Samuye nikiwa na kiburi gani. Nilipostaafu nilijiona hakuna kahawa chini ya jua ambayo siijui. Nikiwa sokoni nikaona mtu ananunua buni, nasimama kumwelekeza bila kuombwa. Mume wangu, mfugaji, mtu wa kofia na maneno machache, alikuwa akisema, "Mwacheni mama balozi."

Kisha Doto akampata Deo, fundi umeme, Mhaya. Deo alilelewa na babu yake upande wa Bukoba, Mzee Kaijage, na ilijulikana wazi kwamba mzee yule hakufurahi. Alitaka binti wa kwao. Deo akambembeleza, Doto akakonda, na mwisho mzee akakubali kuja mwenyewe kutuona, yeye na mshenga, kabla ya kutoa neno. Bila neno lake hakuna ndoa. Doto aliniambia, "Mama, akikataa huyu, mimi sitamtafuta mwingine." Na ninamjua Doto, akisema jambo amesema.

Walifika asubuhi, jua bado dogo. Tukasalimiana, shikamoo na marahaba, mume wangu akawakalisha uani kwenye viti vizuri. Mzee Kaijage alikuwa mrefu, mkongojo mkononi, shati limefungwa hadi kifungo cha juu. Akatoa mfukoni kifurushi kidogo cha majani makavu ya mgomba, akanikabidhi kwa mikono miwili.

"Mama, hii ni kahawa ya nyumbani kwetu. Nimeileta kwa ajili ya leo."

Kahawa. Alikuwa amenikuna panaponiwasha. Nikapokea, nikapiga goti, nikasema, "Wabeja, baba, asante sana," na nikaingia jikoni kama niliyeitwa kazini tena.

Nikafungua. Ndani mlikuwa na matunda mazimamazima ya kahawa, yamekauka na maganda yake, rangi ya udongo mweusi, yananukia majani ya porini. Nikayanusa vizuri. Yalikuwa yamechemshwa. Nikajisemea, masikini watu hawa, wana kahawa nyumbani na hakuna aliyewaonyesha namna ya kuitunza, nani anachemsha kabla ya kukaanga? Doto alikuwa anaosha vikombe. Akasema, "Mama, si tuwaulize kwanza?" Nikamwambia alete kinu.

Sikutandika ungo. Nilikuwa na haraka ya kumwonyesha mzee yule binti ametoka nyumba gani. Nikatwanga kuondoa maganda, nikapepeta, nikakaanga kwa masikio, nikatwanga tena. Nikaweka tangawizi kidogo. Mume wangu aliniambia baadaye kwamba harufu ilipotoka, mzee aliinua pua, akatabasamu, akasema, "Mama anatupikia na ya kunywa, vizuri." Nikatoka na sinia, vikombe vya kambi nilivyoagwa navyo, na kashata niliyoitengeneza mwenyewe.

Mzee Kaijage akapokea kikombe, akakiweka pembeni, akasubiri. Kisha akauliza kwa upole, "Mama, na ile yangu?"

"Ndiyo hii, baba. Nimekupikia kwa mkono wangu."

Akatazama ndani ya kikombe. "Yote?"

"Yote, baba."

Mshenga akainamisha kichwa, akawa anaangalia viatu vyake. Kuku walikuwa wanaparura pale uani.

"Kwetu ile hainywewi," mzee akasema. "Inatafunwa. Mgeni akiingia kwako, unampa tunda la kahawa, unatafuna naye, na kuanzia hapo si mgeni. Nilitaka nitafune na wewe, ndipo niseme nililokuja kusema." Akakirudisha kikombe pembeni. "Ile aliichemsha bibi yake Deo, na majani aliyoyachuma mwenyewe. Ulikuwa msimu wake wa mwisho. Niliiweka kwa siku ambayo mtoto yule ataoa."

Hakupaza sauti. Laiti angepaza. Akachukua mkongojo wake, akainuka, akamwambia mshenga, "Labda siku nyingine." Nami nikajua, kama mnavyojua ninyi mkiambiwa hivyo, kwamba siku nyingine ya namna hiyo huwa haiji. Nyuma yangu mlango wa jikoni ulitoa mlio. Doto alikuwa amesikia.

Nikapiga magoti yote mawili, magoti haya mabovu. Nikasema, "Baba, kwetu kahawa haipo. Kwetu ni maziwa. Kahawa nilifundishwa na mtu wa Ujiji, nikafundishwa na Waitaliano na Waturuki na Wahabeshi, watu kutoka ng'ambo ya bahari. Ya kwako, jirani yangu wa ziwa hili hili, hakuna aliyenifundisha, na mimi sikuuliza. Nisamehe mimi. Binti alisema tuulize." Machozi yalikuwa yananitoka, na sikuyafuta.

Hapo ndipo tuliposikia vitu vinasogezwa jikoni. Kinu kinaburutwa, mtungi unaondolewa. Mume wangu akaita, "Doto, una nini?" Binti akatoka amejaa majivu hadi viwikoni, khanga imechafuka magotini, ameshika kitu kiganjani kama mtu anayebeba kifaranga. Akapiga goti mbele ya Mzee Kaijage, akafungua mkono.

Lilikuwa tunda moja. Lilikuwa limekimbia kinu kwenye mtwango wa kwanza, ganda lake zima, likajificha nyuma ya figa.

Mzee akalichukua. Akalifuta kwa shati lake lile safi, bila kujali. Akalinusa kwa muda mrefu, macho amefumba, na nikaona uso wake unakwenda mahali, kama mimi nilivyokwenda juzi mbele ya lile jani la povu. Sote tulimngoja arudi. Aliporudi alikaa kwenye kiti, akauweka mkongojo chini, akalipasua ganda kwa ukucha.

"Huwa mbili," akasema, akatuonyesha. Punje mbili, zimelala zimeegemeana bapa kwa bapa. Akamgeukia binti. "Wewe ni Doto. Sasa Kulwa yuko wapi?"

Mume wangu, ambaye tangu wageni waingie hakuwa amewaambia zaidi ya salamu, ndiye aliyejibu. "Alitangulia, mzee. Surua."

Mzee Kaijage akatikisa kichwa polepole. Kisha punje moja akaiweka kiganjani kwangu, nyingine akaitia kinywani mwake. Nami nikaitafuna. Ni chungu, vijana, lakini si uchungu wa mnaoujua ninyi. Kwanza majani, kisha mti, kisha kitu kinachobaki nyuma ya ulimi muda mrefu baada ya kumeza. Nilikuwa natafuna msimu wa mwisho wa mwanamke ambaye sikuwahi kumwona.

"Kasinge," akasema, ndiyo shukrani ya kwao. Akavuta kile kikombe changu, akanywa funda. Akakunja uso. "Hii ni mbaya sana, mama."

"Ni mbaya, baba," nikakubali, maana ilikuwa mbaya kweli, tangawizi na majani ya porini vimepigana humo ndani.

"Basi niongeze."

Nikakumbuka Almazi. Nikamwongeza hadi cha tatu, na hakuinuka kabla. Kikombe cha tatu kilipokwisha alimwita Doto, "Mkwe wangu."

Sasa Doto yuko Bukoba. Nilidhani nitaumia kuliko nilivyoumia. Mzee Kaijage alimwonyesha mahali mke wake alipokuwa akichuma yale majani, na sasa anachemsha mwenyewe. Kila anapokuja ananiletea kifurushi cha majani ya mgomba. Kahawa ya humo siitwangi.

Kwa hiyo mkipata mgeni pale kwenye mashine zenu, akawaletea kitu cha kwao, au akasema anataka hivi na si vile, ulizeni kabla ya kuwasha moto. Na tandikeni ungo, hata kama Mzee Sudi hawatazami. Mimi nilikaidi, na kwa kukaidi kwangu lile tunda likapata pa kukimbilia, kwa hiyo hata ushauri huu sijui kama niutoe kwa nguvu.

Kila asubuhi nakaa uani na tunda moja. Nalipasua, napata punje mbili. Moja naitafuna, nyingine naiweka kwenye kisahani cha Kulwa. Jua likipanda naikuta bado ipo, naitafuna na hiyo pia. Mtoto alikuwa wa maziwa, hakuwahi kufika kwenye vitu vichungu.